Ufunguo wa Diski Yako Unalala Wapi?

Ukinunua leo mashine mpya yenye Windows 11 mjini Lubumbashi, ukaifikisha Likasi, ukaiwasha na kuingiza akaunti ya Microsoft kama skrini inavyokuagiza, diski yake huanza kusimbwa yenyewe. Hakuna atakayekuuliza. Kila kilichomo hugeuzwa kuwa vurugu la herufi ambalo mwizi hawezi kulisoma, hata akiichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine. Hilo ni jema. Lakini papo hapo ufunguo wa akiba, wenye tarakimu 48, ule ambao kwenye skrini ya Kifaransa huitwa clé de récupération, hutumwa kwenye seva za Microsoft na kuhifadhiwa huko chini ya jina lako. Tangu toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, ndivyo mambo yanavyokwenda kwa karibu kila mashine mpya, ikiwemo ile yenye Windows Home ya bei nafuu.

Matokeo ya mpango huo yalijulikana Januari 2026, jarida la Forbes la Marekani lilipoandika habari za kesi moja ya kisiwa cha Guam. Wapelelezi wa FBI walikuwa wakichunguza wizi wa fedha za misaada ya wakati wa Covid. Walikamata kompyuta tatu ambazo diski zake zilikuwa zimesimbwa kwa BitLocker, ule usimbaji wa Windows, wakashindwa kuzifungua. Mwanzoni mwa 2025 walipeleka hati ya mahakama kwa Microsoft, na Microsoft ikawapa funguo. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba hupokea maombi ya namna hiyo kama 20 kwa mwaka, na kwamba mara nyingi haiwezi kusaidia kwa sababu mwenye mashine hakuweka ufunguo kwake. Shika neno hilo la mwisho. Asiyepewa ufunguo hana cha kumkabidhi mtu mwingine.

Utasema Guam ni mbali. Ni mbali kweli, lakini Likasi haiko pembeni mwa dunia. Mji wetu uko kwenye barabara ya shaba na kobalti, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na ndani ya mashine za watu wa hapa mna majina ya wachimbaji wa mikono, ushuhuda wa wakulima kuhusu maji yaliyochafuliwa, mikataba ya ushirika, mafaili ya wagonjwa wa zahanati, orodha za wanafunzi pamoja na simu za wazazi wao. Anayeandika mambo ya madini katika nchi hii anajua yaliyowapata Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa zamani wa benki ya Afriland First Bank mjini Kinshasa, waliofichua nyaraka zilizohusu mtandao wa fedha wa mfanyabiashara wa madini Dan Gertler. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba mahakama ya Kinshasa ilikuwa imewahukumu kifo wakiwa hawapo, walipokuwa tayari wamekimbilia Ulaya. Nyaraka zina uzito. Anayekupa ushuhuda wake huweka maisha yake ndani ya diski yako, naye hana njia ya kujua kama umeilinda.

Hata hivyo si kila mwenye kompyuta hapa mjini, Kikula au Panda, anawindwa. Wengi wetu adui wetu ni mwizi wa usiku, au mkono unaochukua begi kwenye basi, na kwa watu hao hatari kubwa zaidi ni kupoteza ufunguo wenyewe. Kama mashine yako ina picha za harusi na masomo ya watoto tu, na unajijua kuwa si mtunzaji wa karatasi, acha ufunguo ukae kwenye akaunti ya Microsoft. Ni uamuzi halali, mradi uwe umeuamua mwenyewe. Yafuatayo ni kwa yule ambaye ndani ya mashine yake mna siri za watu wengine.

Kuchagua mfumo

Watu huchagua mfumo endeshi kwa kuangalia sura, michezo, au kile fundi anachokifahamu. Mimi nakushauri uanze na swali moja: ufunguo wa akiba unatengenezwa wapi, na nani anabaki na nakala?

Kwenye Windows Home jibu umeshaliona. Na kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Ukifanikiwa kuitumia Windows hiyo bila akaunti ya Microsoft, inaweza kukuonyesha kwamba diski imesimbwa, kumbe ufunguo umeachwa wazi ndani ya diski ileile, ukisubiri uingize akaunti. Hapo huna ulinzi wowote. Windows Pro ni afadhali: unapowasha BitLocker mwenyewe inakuuliza ufunguo uwekwe wapi, nawe unaweza kuchagua faili au karatasi badala ya akaunti. Kwenye Mac, usimbaji wake uitwao FileVault kwa miaka mingi umempa mwenyewe nafasi ya kuchagua kati ya iCloud na kutunza ufunguo peke yake. Tatizo la Mac hapa kwetu ni bei, pamoja na zile zilizotumika zinazofika bado zimefungwa na kampuni iliyozimiliki. Usilipe hata dola moja kabla hujaiona ikianza upya kabisa, ikiwa imeunganishwa na intaneti, bila kudai jina la kampuni.

Mashine nyingi tunazonunua zimeshatumika Ulaya au Dubai. Nyingi zina Windows 10, ambayo Microsoft ilikomesha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za umri huo haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani, kwa Intel kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Basi uko kwenye njia panda hata kama hukuwahi kufikiria habari za funguo.

Kwa mashine ya namna hiyo ushauri wangu ni Linux Mint. Ni bure, ina Kifaransa kamili, na sura yake haimtishi aliyezoea Windows. Inatosheka na RAM ya GB 4 na diski ya GB 20, na familia ya toleo la 22 itapata masasisho hadi 2029. La muhimu zaidi kwa habari yetu, usimbaji wake uitwao LUKS hautumi chochote popote. Neno la siri ni lako, hakuna akaunti, hakuna seva, na hakuna kampuni ya kupelekewa hati ya mahakama.

Faili la kusakinishia linakaribia GB 3, na kwa bei ya intaneti yetu watu hulipitisha kutoka flashi hadi flashi. Si vibaya, lakini faili lililopita mikononi mwa watu watatu lazima lihakikiwe. Chukua simu yako, fungua mwenyewe tovuti ya linuxmint.com, utafute namba ya SHA256 ya faili hilo. Kisha kwenye kompyuta ya Windows andika certutil -hashfile ukifuatisha jina la faili na neno SHA256. Herufi moja ikitofautiana, litupe.

Kabla ya kusakinisha, hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kwa sababu kazi hii inafuta kila kitu. Subiri betri ijae na mashine iwe imechomekwa. Delestaji, ule ukataji umeme wa shirika la SNEL, haitakuuliza umefika wapi. Ukifika hatua ya kuchagua kufuta diski, usibonyeze kuendelea haraka. Fungua chaguo za ziada zilizo hapohapo, chagua LVM, kisha weka alama kwenye sehemu ya kusimba. Wengi hupita hapo bila kuona, wakaja kugundua baada ya mwezi kwamba diski yao iko uchi, na hapo hakuna njia nyepesi ila kuanza upya.

Kibodi ya AZERTY

Jambo hili haliandikwi kwenye miongozo ya Wamarekani, nalo linatutesa sisi. Neno la siri la LUKS huulizwa mapema, kabla mfumo haujaamka wote, na wakati huo kibodi inaweza kusomwa kwa mpangilio wa QWERTY hata kama yako ni AZERTY. Hapo A hugeuka Q, Z hugeuka W, M huhama kabisa, na tarakimu zinazotaka Shift kwenye AZERTY hazitaki tena. Unaandika neno sahihi, mashine inalikataa, unaanza kuamini kuwa umesahau.

Mfaransa anaweza kuambiwa achague maneno yasiyo na A, Q, Z, W wala M. Kwa Kiswahili ni vigumu zaidi, maana maneno mengi yana A.  Kwa hiyo fanya hivi. Mwanzoni kabisa mwa usakinishaji, unapochagua kibodi, chagua AZERTY, kisha andika neno lako lote kwenye kisanduku cha majaribio kinachoonyesha herufi. Baada ya kumaliza, zima na kuwasha mashine mara kadhaa kabla hujarudisha mafaili yako. Likikataliwa, liandike kana kwamba unatumia QWERTY: bonyeza Q unapotaka A. Likikubali hivyo umejua tatizo lilipo, na unaweza kuongeza neno la pili lenye herufi zisizohama.

Na neno lenyewe lisiwe mstari wa Biblia, wala jina la timu, wala mwaka wa kuzaliwa mtoto. Neno zuri ni mfululizo wa maneno sita yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, si kwa kupenda. Watu hutumia dadu tano na orodha ya maneno 7,776, kwa sababu dadu tano hutoa michanganyiko hiyohiyo 7,776. Kama huna orodha, chukua kamusi nene, ufungue kurasa kwa kura, na ukubali neno linaloangukia kidole. Changanya Kiswahili, Kiluba, Kibemba, Kisanga, lugha zozote za nyumbani kwako. Maneno sita ya namna hiyo hayakisiwi na mashine yoyote iliyopo leo, nawe utayakariri kwa siku chache kwa kuyaandika kila unapowasha.

Asiyeweza kuiacha Windows

Wapo wanaolazimika: programu ya uhasibu, au ya serikali, inakataa kwingine. Hao waichukue Windows, lakini wauchukue na ufunguo wao. Fungua kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi, uandike manage-bde -protectors -get C: na utaziona tarakimu zako 48. Kisha manage-bde -protectors -delete C: -type RecoveryPassword huufuta ufunguo ule wa zamani, na manage-bde -protectors -add C: -RecoveryPassword hutengeneza mwingine. Nakili mpya kabla ya kufunga kidirisha. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye ukurasa wa funguo za vifaa, ufute wa zamani, na urudi kukagua baada ya siku mbili tatu kama mpya haujapanda wenyewe.

Kwa siri nzito hiyo haitoshi. Ufunguo mkuu ulio chini ya diski haubadiliki kwa amri hizo, na aliyewahi kunakili diski yako yote pamoja na kuupata ufunguo wa kale bado ana njia. Mwenye Windows Pro aizime BitLocker, asubiri diski isimbuliwe yote, kisha aiwashe upya na kukataa kuhifadhi kwenye akaunti. Hapohapo aweke na PIN ya kuwashia, kupitia sera za mfumo. Bila PIN, chipu ya TPM huifungua diski yenyewe kila mashine inapowashwa. Februari 2024 mtafiti mmoja alionyesha hadharani, kwenye kompyuta ya Lenovo ya miaka ya nyuma, jinsi ya kuunasa ufunguo ukipita kutoka kwenye chipu hiyo kwa sekunde zisizofika 60, akitumia kifaa cha bei isiyozidi dola 10.

Na kama hata hilo hulimudu, tumia VeraCrypt, programu ya bure inayotengeneza faili moja lililosimbwa ambamo unaweka yale ya siri tu. Linafunguka kwenye Windows na kwenye Linux, na neno lake halitoki mikononi mwako.

Karatasi

Ukishauchukua ufunguo, mtunzaji ni wewe. Watu wengi huharibu hapa. Wanaipiga picha skrini kwa simu, na picha inapanda Google Photos usiku huohuo. Au wanajitumia kwa WhatsApp. Au wanapeleka faili kwenye kibanda cha kuchapishia mjini, na faili linabaki kwenye kompyuta ya kibanda, ambayo watu hamsini huitumia kwa siku.

Nakili kwa mkono. Tarakimu 48 za BitLocker zimepangwa kwa mafungu 8 ya tarakimu 6, na kila fungu lina siri ndogo nzuri: linagawanyika kwa 11 bila kubakisha. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, chukua kikokotoo cha simu, zima intaneti, ugawanye kila fungu kwa 11. Fungu kama 135421 litatoa 12311 kamili. Ukiwa umeandika 135471 kwa haraka ya mkono, utaona nukta na desimali, na utajua umekosea kabla siku ya shida haijafika. Kwa Linux, karatasi ibebe maneno yako sita, na iseme kibodi ni ipi.

Andika nakala mbili. Moja ikae nyumbani, ndani ya plastiki, kwani masika yetu hayana huruma kwa karatasi. Ya pili iende mji mwingine, kwa dada au kaka unayemwamini, ndani ya bahasha iliyofungwa, bila jina la mashine. Isikae ndani ya begi la kompyuta. Nalisema kwa sababu ndiko ninakoziona.

Mwenye Linux ana kazi moja zaidi. Mwanzoni mwa sehemu ya diski iliyosimbwa kuna eneo dogo, kichwa cha LUKS, linalobeba ufunguo mkuu uliofungwa kwa neno lako. Kichwa hicho kikiharibika, kwa umeme uliorudi vibaya au fundi aliyekosea, neno sahihi halitasaidia tena. Kila kitu kimekwenda. Tafuta jina la sehemu hiyo ya diski kwa lsblk, kisha tumia sudo cryptsetup luksHeaderBackup pamoja na jina hilo na --header-backup-file na jina la faili la nakala. Faili hilo liweke kwenye flashi inayotunzwa vizuri, kwa maana anayelipata akiwa na neno lako la siri ana nusu ya safari.

Kwa ofisi ya shirika LUKS ina faida ninayoipenda sana. Toleo la LUKS2 linakubali hadi maneno 32 tofauti kwa diski moja. Kila mfanyakazi anaweza kuwa na lake, kwa amri ya luksAddKey, na akiondoka unaliondoa lake tu bila kugusa ya wengine. Hakuna tena neno moja lililobandikwa chini ya kibodi na kujulikana na kila aliyewahi kufanya kazi hapo tangu ofisi ilipofunguliwa.

Barabarani na kwa fundi

Diski iliyosimbwa inalinda mashine iliyozimwa. Mashine iliyolala tu, ule mfuniko ukifungwa na taa ndogo ikibaki inapepesa, bado inashika ufunguo kwenye RAM. Watafiti wa chuo kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba RAM iliyopozwa hubakiza kilichomo kwa muda wa kutosha kuibwa. Kabla ya kupanda basi la Lubumbashi, zima kabisa. Ni kilomita kama 120 na vizuizi kadhaa. Huhitaji mashine iliyo macho njiani. Afisa akidai umpe neno la siri, hilo ni jambo la sheria wala si la kompyuta: nchi ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na mtu wa kumwita ni wakili. Weka namba yake kichwani.

Kwa fundi, usimpe neno lako kwa sababu tu ameliomba. Kubadilisha skrini au betri hakulihitaji. Mwambie umeitoa diski, na kweli uitoe kama mashine inaruhusu. Akitaka kusasisha BIOS ya mashine yenye BitLocker, simamisha ulinzi kwanza kwenye mipangilio na uurudishe baadaye, la sivyo inaweza kuamka ikidai tarakimu 48. Ubao mama ukibadilishwa, chipu ya TPM imekwenda nao, na ni karatasi yako peke yake itakayokufungulia.

Usisubiri siku hiyo. Leo jioni ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft utazame kama kuna ufunguo wako huko. Ukiukuta, amua kama unataka ukae. Kama ndani ya mashine yako mna jina la mtu aliyekuamini, uondoe, kisha kesho mwambie mwenzako wa ofisi afanye vivyo hivyo.